Dirisha la Hospitali na Machela ya Mianzi

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, ukungu ukiwa bado umelala juu ya bonde la Mweso na mabati ya hospitali yakidondosha matone ya mwisho ya usiku, waliingia langoni wanaume wanane, miguu imewaloa tope hadi magotini, nao wamechukua mabegani machela ya mianzi ambayo ndani yake, chini ya vitenge viwili na turubai la plastiki, alilala mwanamke aliyeshikwa na utungu tangu jana yake. Wanne walikuwa chini ya miti, wanne wakifuata kando tayari kupokea zamu. Na walipofika mbele ya mlango wa wodi ya uzazi hawakuitua ile machela kama watu watuavyo gunia la mihogo, bali waliinama wote pamoja, kwa neno moja la mzee aliyetangulia, hata ikagusa sakafu bila ya kutoa sauti. Wauguzi wakampokea mama yule wakaingia naye ndani. Wachukuzi wakabaki nje, wakaketi nyasini chini ya dirisha, na mmoja wao akaanza kukamua upindo wa shati lake.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo kwa shughuli isiyowahusu hata kidogo, maana nilikuja kumwangalia shemeji yangu aliyelazwa kwa malaria. Walakini tangu siku ile, kila nisikiapo watu wakijadiliana juu ya uzuri na manufaa, kama kwamba ni wake wenza wawili wasioweza kukaa nyumba moja, huikumbuka ile machela ilivyogusa sakafu.

Mweso ni mji mdogo wa teritwari ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, yapata kilomita 100 kaskazini-magharibi ya Goma kwa njia ipitayo Sake na Kitshanga, nayo ni njia ambayo mvua ikinyesha siku mbili mfululizo huacha kuwa njia ikawa mto wa udongo. Mbele yake barabara huendelea kuelekea Pinga, na huko ndiko unakoanza msitu mkubwa wa Walikale, nchi ya Wanyanga. Nyuma yake ni vilima vya Wahunde na vya wasemao Kinyarwanda, vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine kama mawimbi ya kusi yaliyogandishwa. Hospitali Kuu ya Rufaa iliyopo hapo, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia kwa miaka mingi, hupokea watu wa vilima vyote hivyo, na aghalabu ya watu hao hawana gari wala pikipiki iwezayo kupanda kwao. Wana mabega ya jirani zao.

Chombo kile sisi wa pwani hukiita machela, neno tulilolirithi kwa Wareno. Wao hukiita kipoyi. Na jina hilo lina kisa kisichopendeza, kwa kuwa zama za utawala wa Kibelgiji kipoyi kilikuwa kiti cha enzi cha mabwana waliozuru vijiji kuhesabu watu na kutoza kodi, nacho kilichukuliwa na raia walioshurutishwa kuacha mashamba yao ili mtu mwenye miguu mizima, mwenye kofia nyeupe na bunduki pembeni, asikanyage umande. Picha za namna hiyo zingali zipo katika makumbusho ya Ulaya. Leo miti ni ile ile, na mabega ni ya wajukuu wa wale wale, ila aliyemo ndani amebadilika: ni mzazi, ni mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, ni kijana aliyevunjika paja. Ni vyombo vichache duniani vilivyopata kutubu namna hii.

Sasa nirudi kwa shemeji. Kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka mlangoni, mkabala wa dirisha lisilo na pazia, na katika dirisha lile, kana kwamba fundi amelipima makusudi, kilikaa kilima kimoja kizima, kuanzia mashamba ya maharagwe yaliyo chini hadi malisho yaliyo juu, na juu ya malisho mstari wa mikaratusi. Kila nilipofika hakuanza kwa kunieleza homa. Alianza kwa ng'ombe. Palikuwa na ng'ombe kumi na wanne juu ya kilima kile, mmoja mweupe, naye alikuwa akiwahesabu kila asubuhi. Siku ya tatu nilimkuta amegeukia ukutani, nikamwuliza habari za ng'ombe, akasema, "Leo wamechanganyikana, shemeji," nikajua kabla ya muuguzi kuniambia kwamba homa imepanda usiku. Siku ya tano aliniambia kwa ghadhabu kwamba mweupe haonekani, na pengine wameiba. Nikatoka nje nikacheka peke yangu kwa furaha, kwani mtu awezaye kukasirikia ng'ombe asiye wake amekwisha kupona.

Mambo kama haya mtu angeweza kuyapuuza akayaita mazungumzo ya wodini, lau si kwamba wanachuoni nao wameyashughulikia. Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Roger Ulrich, alichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi alioufanya katika daftari za hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, za miaka ya 1972 hadi 1981. Alichukua wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo, akawapanga wawili wawili kwa kulinganisha umri na jinsia na hali zao, hata tofauti kubwa iliyobaki baina ya mtu na mwenzake ikawa ni dirisha tu: mmoja alitazama miti, na wa pili alitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walirudi makwao mapema zaidi kidogo, walipewa dawa kali za maumivu mara chache zaidi, na wauguzi waliandika juu yao malalamiko machache. Watu 46 si wengi, na mimi sitaki kuubebesha uchunguzi huo mzigo usiouweza. Hakuna dirisha litakaloua vijidudu vya malaria, na shemeji yangu aliponywa na dawa iliyopitishwa mshipani mwake, si na ng'ombe. Walakini mwili unaopigana na maradhi hupigana pia na hofu, na uchungu, na uchovu wa kutazama ukuta, na kila adui mmoja unayemwondolea ni askari mmoja unayemrudishia.

Florence Nightingale, yule Mwingereza aliyewauguza majeruhi wa vita vya Crimea, alikuwa amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake miaka 125 kabla ya Ulrich. Katika kitabu chake cha uuguzi alishikilia kwamba vitu vizuri, na rangi, na mabadiliko ya mandhari vina athari juu ya mwili wenyewe wa mgonjwa wala si juu ya moyo wake tu, na kwamba mgonjwa kutamani kuona nje ya dirisha si deko. Nasi wenye lugha hii hatukuhitaji kufundishwa, maana lugha yenyewe ilikwisha kuamua shauri hili zamani: tunamwuliza mtu "U mzima?" kwa neno lile lile tunalolitumia kwa chungu kisicho na ufa, na chakula kitamu, na sura jamili, na tabia njema, vyote tunavisifu kwa neno moja, kizuri. Aliyetenga uzuri upande mmoja na wema upande wa pili, kisha akatwambia tuchague, hakuwa Mswahili.

Ama dirisha lina kazi ya pili, nayo haina shairi ndani yake. Katika mji wa Lima, nchini Peru, tabibu Roderick Escombe na wenzake walipima jinsi hewa inavyobadilika katika vyumba vya hospitali nane, matokeo yakatangazwa mwaka 2007. Walikuta kwamba chumba kilichofunguliwa madirisha na milango kilibadilisha hewa yake yote kiasi cha mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kuvuta hewa vilifikia mara 12. Na majengo yaliyotangulia, yale yenye dari za juu na madirisha mapana, yaliyojengwa miaka hamsini na zaidi kabla yake, yaliyashinda mapya. Kwa maradhi kama kifua kikuu, ambayo husafiri katika pumzi, hesabu hiyo ni baina ya mtu kupona hospitali na mtu kuambukizwa hospitali. Wazee waliojenga Unguja hawakuwa na vipimo, lakini walijua kiangazi ni nini: litazame lile jengo la mbele ya bandari waliitalo Zahanati ya Kale, ambalo Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 kwa niyyati ya kuwa hospitali, likamalizika 1894 yeye akiwa amekwisha kufariki, na roshani zake za mbao zilizotobolewa kama lesi, uone kama waweza kupambanua ni wapi upepo unapokoma na pambo linapoanzia.

Jirani zaidi na Mweso, ng'ambo ya milima ya moto ya Virunga, ipo hospitali ya Butaro katika wilaya ya Burera, Rwanda, iliyofunguliwa Januari 2011 kwa ushirika wa Wizara ya Afya ya huko na shirika la Partners In Health. Wasanifu wake, wa kundi la MASS, walianza kwa swali la hewa: wakaziondoa varanda za ndani, zile ambamo wagonjwa hukaa wakipumuliana wakingoja zamu, wakazipeleka nje, wakainua dari, wakafungua madirisha juu na chini, na vitanda, badala ya kupangwa ukutani vichwa vikielekea dirishani kama ilivyo desturi, wakavipanga katikati ya wodi kwenye ukuta mfupi, ili kila mgonjwa ayakabili mabonde. Kuta zikajengwa kwa mawe meusi ya volkano, mawe ambayo mkulima wa nchi ile tangu jadi ameyaona kuwa ni adha ya jembe, yakachongwa kwa mkono na kushikamanishwa kwa ustadi hata chokaa haionekani baina yao. Goma imejaa mawe hayo hayo. Nyiragongo iliyamwaga mjini Januari 2002 na ikarudia, pembezoni mwake, Mei 2021, na watu waliofukiwa nyumba zao waliyavunja wakajengea nyua. Mimi husimama mbele ya kuta zile, zilizojengwa na watu wasio na msanifu wala mfadhili, nikajiambia kwamba ustadi hatuukosi.

Hata hivyo nisije nikamdanganya msomaji kwa kilima cha dirishani. Wageni hufika Masisi wakashangilia kijani kile, wakasema wamefika Uswisi, na wakipewa jibini ya huku huzidi kusadiki. Lakini kijani kile aghalabu si cha tangu asili. Palikuwa na msitu, nao ukafyekwa, kidogo kidogo na majembe ya wenyeji na kwa haraka zaidi na mashamba makubwa ya walowezi wa Kibelgiji, ya chai na kahawa na pareto, na malisho ya ng'ombe, hata ikabaki migongo ya vilima iliyo laini kama zulia. Udongo wake ni wa rutuba kubwa, lakini mteremko uliovuliwa miti hausahau kwamba ni mteremko, na mvua ikizidi huachia, ukashuka na shamba na nyumba na waliolala ndani. Na vilima hivyo hivyo huwaficha wenye silaha. Januari 2024, mapigano yalipofika Mweso, makombora yaliangukia makazi ya watu, raia wakauawa, na maelfu wakakimbilia ndani ya ua wa hospitali, wakalala kila palipokuwa na sentimita ya sakafu, chini ya madirisha yale yale ninayoyasifu. Nani katika usiku ule alikihesabia kilima ng'ombe?

Nililitia jambo hili katika mazungumzo na yule mzee wa machela. Nilikaa naye nyasini, nikamsabahi, akanijibu jambo sana, akanisogezea nafasi katika gunia alilolikalia. Mkononi nilikuwa na daftari, akaniuliza ninafanya kazi gani.

"Ninaandika makala, baba," nilimwambia.

Akanitazama, akawatazama wenzake. "Makala inaandikwaka?" akauliza, na wote wakaangua kicheko, maana huku makala ndiyo makaa, yale ya kupikia, yashukayo mjini katika magunia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao. Nikajieleza kwamba ni habari za gazetini. Akaniambia, kwa upole wa mtu anayemfariji mwenye biashara mbovu, kwamba hata hiyo ni kazi.

Kisha nikamwonyesha kilima, ukungu ukiwa umeanza kukatika na jua likikipaka dhahabu upande mmoja, nikamwuliza wanakionaje wanapokuja. Hakugeuka. "Siye hatuangaliake mulima, mwana wangu," alisema. "Tunaangaliaka kisigino ya ule mwenye iko mbele."

Walikuwa wametembea tangu saa nane za usiku. Saa tano, basi, katika giza na tope, macho ya kila mmoja yakiwa juu ya kisigino kimoja. Uzuri wa kilima ni mali ya aliyelala au aliyekaa. Kwa aliye chini ya mti wa kuchukulia, kilima ni hesabu ya pumzi. Na hapo nikatambua kwamba nilikuwa nikiutafuta uzuri mahali pasipo pake, kwa kuutazama mlima nikaiacha machela iliyokuwa mbele yangu.

Nikamwomba anionyeshe. Miti mirefu miwili ilikuwa ya mwanzi, si ya mkaratusi, na nilipomwuliza sababu aliushika mmoja katikati akaukandamiza kwa goti, ukapinda, ukarudi. Mkaratusi una nguvu zaidi, alieleza, lakini una roho ngumu: kila hatua ya mchukuzi humfikia mgonjwa mgongoni. Mwanzi huimeza hatua njiani. Msanifu wa majengo angalieleza jambo lile lile kwa maneno marefu zaidi: kwamba mwanzi ni bomba, na bomba kwa uzito wake hustahimili kupindwa kuliko fimbo iliyojaa, kwamba nyuzi zake zimesongamana upande wa nje, ambako mkazo ni mkubwa, na kuachana upande wa ndani, ambako hakuna kazi, na kwamba vifundo vyake, kila baada ya shubiri kadhaa, ni kuta ndogo zinazouzuia usibonyee. Maumbile hayakutia katika mmea ule kitu cha ziada. Kitako kilisukwa kwa ukindu mpana, ukipita juu mbili na chini mbili, na kwa kuwa msuko wa namna hiyo hujilaza mshazari, mgonjwa akijigeuza wote hunyumbuka pamoja naye badala ya kumsukuma. Ukingoni, mahali asipolala mtu wala kushika mkono, palikuwa na mstari wa vipande vya ukindu vilivyotiwa rangi nyeusi, pembetatu baada ya pembetatu, safi kama ukili wa mkeka wa Pemba.

"Na hii, baba? Inasaidia nini?"

Aliutazama mstari kwa mshangao kidogo, kama niliyemwuliza kwa nini mtu huosha uso. Akasema kwamba mgonjwa akiiona atajua ametengenezewa.

Juu ya mwendo wao nilikuwa na dhana yangu, nikawauliza kama huenda kwa mguu mmoja kama askari. Hasha! Askari wakienda mguu mmoja, alisema kijana mmoja, mgonjwa atatapika. Wa mbele hutoa mguu wa kushoto, wa nyuma hutoa wa kulia, na hivyo kipoyi kinakwenda kimetulia kama maji ndani ya mtungi juu ya kichwa cha mwanamke ajuaye. Nilipokuwa nikimsikiliza nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo kanuni iliyohimizwa katika vitabu vya mafunzo ya matabibu wa majeshi ya Ulaya kwa wachukuzi wa machela, imeandikwa kwa amri na nambari. Vijana wa Masisi hawakuisoma popote. Aliyewafundisha ni mgonjwa aliyelalamika.

Palepale tulipokaa, kando ya seng'enge, palikuwa na kichaka cha mubirizi, ambacho wanasayansi hukiita Vernonia amygdalina, mti mchungu usiokosekana nyuani mwa nchi hizi. Na mzee, bila ya kukatiza mazungumzo, aliunyosha mkono akachuma majani mawili, akayatafuna na kukunja uso. Tumbo, alisema. Nami nikacheka, si kwa dharau, bali kwa kuwa nilikuwa nakijua kisa cha mti ule ng'ambo ya pili ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe na mtumishi wa hifadhi, alikuwa akimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku pamoja na mtaalamu Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Sokwe yule alikuwa mgonjwa, amelegea, hana hamu ya chakula. Akauendea mti mchungu ambao si chakula chake cha kila siku, akachubua ganda la tawi changa, akautafuna moyo wake, akafyonza maji na kutema makapi. Huffman aliuliza ni mti gani. Kalunde akamjibu kwamba ni dawa, na kwamba kwao watu huinywa kwa maradhi ya tumbo. Baada ya siku moja hivi Chausiku alikuwa amechangamka. Uchunguzi uliofuata ulikuta ndani ya mti ule viungo vyenye kudhuru minyoo ya matumbo, na hivyo ukasaidia kuifungua fani ya elimu juu ya wanyama wajitibuo. Babu yake Kalunde, kwa masimulizi ya jamaa yao, naye alikuwa ameijua dawa ya mulengelele kwa kumtazama nungu mgonjwa akichimbua mizizi yake. Basi mwalimu wa kwanza hakuwa na vidole vya kuandikia, na wa pili hakuwa na haja ya kuandika, na ni wa tatu ndiye aliyepewa jina katika majarida. Ila Huffman, kwa insafu, alimtaja Kalunde kuwa mwandishi mwenzake.

Si kila mti wa vilima hivi ulipata bahati hiyo ya kutazamwa kwa adabu. Ule uitwao kwa Kinyarwanda umwumba, Prunus africana, gome lake hutiwa katika dawa za Ulaya za kutibu tezi la wazee wa kiume, na kwa sababu hiyo Kivu imekuwa ikiuza magome yake kwa magunia. Mti uliovuliwa gome pande zote aghalabu hufa umesimama. Tangu 1995 biashara yake iko chini ya mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, na anayechuma hutakiwa avue sehemu ya gome aache sehemu nyingine. Yule mzee wa machela hafanyi kinyume cha hayo: alinieleza kwamba katika kichaka cha mianzi hukata iliyokomaa ya katikati, akayaacha machipukizi ya pembeni, maana babaye alikata hapo hapo.

Mnamo saa nne muuguzi alitokea mlangoni, kanga yake ya kazi ina damu, akasema ni msichana, na mama yake anaomba maji ya kunywa. Wachukuzi wakapiga makofi mara moja, pamoja, wakanyamaza. Shemeji yangu alikuwa amesimama dirishani, amejishika kwenye chuma, naye akauliza kwa sauti ya juu kelele hizo ni za nini, nikamwambia. Akasema vema, na kwamba ng'ombe mweupe amerudi, alikuwa nyuma ya mikaratusi wakati wote.

Jua lilikuwa limepanda. Wale vijana wakajilaza nyasini na mikono chini ya visogo, na kwa mara ya kwanza tangu usiku nyuso zao zilielekea juu, kwenye kilima. Mmoja akaanza kuwaonyesha wenzake shamba la nani limeporomoka. Mzee hakulala. Aliivuta machela tupu ikaja mapajani pake, akaipitia fundo kwa fundo, kidole gumba kikitangulia, mpaka akafika pembe ya nyuma ambako kamba moja ilikuwa imelegea. Akaifungua yote, akailowesha katika kidimbwi cha mvua, na kuanza kuifunga upya.